Kanisa la Peramiho si la mwaka 1898

Juzi tena. Natoka na wageni Iringa kwenda Peramiho, kwenye monasteri ya wamonaki Wakatoliki wa Kibenedikto karibu na Songea; hata Songea hatujafika, mmoja ananiuliza: "Mzee, mali ya Wajerumani imefukiwa upande gani wa kanisa?" Swali hili limenichosha. Mzizi wake ni imani kwamba kanisa lile kubwa limesimama tangu 1898.

Mwaka 1898 ndipo Padre Cassian Spiss alipoanzisha misheni. Hapo hakuna ubishi. Lakini mwaka 1905 vita vya Majimaji vikafika Ungoni, nchi ya Wangoni, na majengo ya misheni yakachomwa moto. Spiss, wakati huo akiwa askofu, alikuwa ameshauawa Agosti ya mwaka huohuo, njiani karibu na Liwale. Kanisa la abasia (yaani monasteri inayoongozwa na abate) unaloliona leo ni la miaka ya 1940. Nchi ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na serikali ya Kijerumani ilishaondoka zaidi ya miaka 20. Nani basi alifukia sanduku la rupia, fedha ya enzi ya Wajerumani, chini ya msingi ambao haujachimbwa? Ndugu zangu, wekeni sururu chini. Mnaharibu urithi wetu.

Najua kinachowadanganya watu ni macho. Matao ya nusu duara yale ni mtindo uliotamba Ulaya yapata miaka 1,000 iliyopita, kwa hiyo jengo linaonekana kongwe kuliko umri wake. Ushauri wangu ni uleule siku zote: ukifika, usikimbilie kupiga picha mnara. Sogea ukutani, uangalie matofali ya kuchoma yalivyopangwa. Ile ni kazi ya mikono, ya mabruda (watawa wasio mapadre) mafundi na wenyeji waliofanya kazi nao.

Eti ule ua wa ndani ni ngome? Hapana. Monasteri za Kibenedikto hujengwa hivyo ili mmonaki atoke chumbani, aende kanisani na mezani bila kuvuka nje.

Eti wamonaki wote ni mapadre? Wengi ni mabruda.

Na wanaosema abasia ni ya askofu wa Songea: kila abasia hujiongoza chini ya abate wake. Mkanganyiko una sababu, maana kuanzia 1931 abasia ilisimamia eneo lake kama jimbo, hadi Jimbo la Songea lilipoundwa 1969.

Wanaodhani Wabenedikto ni Wazungu tu, nawapeleka monasteri ya Hanga, iliyoanzishwa 1957 kwa ajili ya wamonaki Waafrika. Ila tuwahi, tuwakute kwenye Masifu ya Jioni, sala yao ya pamoja.