Aljebra ya juu na trigonometria: somo lenyewe ni nini na mwanafunzi anategemewa awe na nini

Huku Tanga ukimwambia mtu kwamba binamu yake aliyeko Marekani anasoma "aljebra ya juu na trigonometria" atajua tu dogo kashafika chuo, tena kichwa kweli kweli. Wala. Ni somo la sekondari la kawaida kabisa kule, wanalichukua wakiwa darasa la 10 au la 11, miaka 15 mpaka 17 hivi, wakishamaliza aljebra ya kwanza na jometri, na likiisha ndo wanaingia somo la kuwaandaa kwa kalkulasi. Jina linabadilika shule na shule, wengine wanasema Aljebra 2 tu, na jimbo la New York liliwahi kuwa na mtihani wa jimbo zima wa Aljebra 2 na Trigonometria ulioanza 2010 kabla hawajaubadilisha.

Kwetu hakuna somo moja lenye jina hilo. Chukua hesabu za kidato cha tatu na cha nne, ongeza kipande cha fomu faivu wanachosoma watu wa michepuo yenye hesabu kama PCM, PGM na EGM, hapo unakuwa umekaribia sana. Kwa hiyo mtoto aliyetoka sekondari zetu za hapa Tanga kama Usagara au Galanos na hesabu zake za fomu foo zimekaa sawa, akipelekwa darasa hilo hatakuwa mgeni wa kila kitu, atakuta logi anazijua, milinganyo ya kwadratiki anaijua, matriksi kaziona, kanuni ya sini na ya kosini kazikariri mpaka basi.

Sasa kitu kinachowatoa watu jasho sio ugumu wa fomula. Ni kwamba swali lenyewe limebadilika. Mpaka hapo mwanafunzi kazoea "tafuta x", anatafuta namba moja, anaipigia mstari chini, kamaliza. Kwenye somo hili x haitafutwi peke yake, unaulizwa kitu kizima kinavyoenda: kikipanda kinapandaje, kinageuka wapi, kinajirudia baada ya muda gani, na ukitaka kurudi nyuma kutoka kwenye jibu kwenda kwenye swali inawezekana au haiwezekani. Hiyo ndo fankisheni, yaani kanuni inayokupa jibu moja kwa kila namba unayoiingiza, na somo zima ni fankisheni za aina tofauti tofauti zinazopita moja baada ya nyingine.

Upande wa aljebra wanaanza na kwadratiki ambayo kila mtu anaijua, halafu wanakuletea x² + 4 = 0 ambayo kwa namba za kawaida haina jibu, ndo zinaingia namba changamano, pale unapokubali kwamba kuna namba i ambayo kipeo chake cha pili ni -1, na majibu yanakuwa 2i na -2i. Kwetu hii unaisubiri mpaka advansi. Baada ya hapo polinomia (zile kama x³ - 2x + 5) za vipeo vikubwa, kugawanya polinomia kwa polinomia, sehemu zenye x chini, halafu milinganyo yenye kipeuo. Hapo kwenye vipeuo kuna mtego mmoja nausemea kila siku: √(x + 6) = x. Unapiga kipeo cha pili pande zote, unapata x² - x - 6 = 0, majibu 3 na -2, mtu anaandika yote mawili kwa furaha. Weka -2 urudishe mwanzoni uone, kushoto unapata √4 ambayo ni 2, kulia ni -2, haziko sawa. Jibu ni 3 peke yake. Mwalimu wa kule anategemea uhakiki bila kukumbushwa, ukiacha anakata maksi hata kama kazi yote ya juu ni safi.

Vipeo na logi vinakuja pamoja kwa sababu moja ni njia ya kwenda na nyingine ni njia ya kurudi. Ukiweka laki moja mahali panapotoa faida ya asilimia 10 kwa mwaka, na faida inaingia kwenye mtaji kila mwaka unapoisha, itafika laki mbili lini? Wengi wanajibu miaka 10 haraka haraka. Unaandika 1.1 kwa kipeo cha n ni sawa na 2, n iko juu huko huwezi kuishusha bila logi, ukiishusha unapata logi ya 2 gawa kwa logi ya 1.1 ambayo ni kama 7.3, kwa hiyo mwisho wa mwaka wa nane hela ishapita laki mbili. Mfuatano na mikoni sizungumzii sana hapa, mfuatano ni ule ule wa kidato cha tatu na mikoni ni duara, elipsi, parabola na haipabola, zinachorwa na zinaisha.

Trigonometria ndo kwenyewe. Fomu two ulifundishwa sini, kosini na tanjenti ndani ya pembetatu mraba, kwa hiyo pembe haiwezi kufika nyuzi 90. Kwenye somo hili pembetatu inawekwa pembeni, inaletwa duara yenye nusu kipenyo 1, nukta inazunguka juu yake, kosini ni umbali wa nukta kwenda kulia au kushoto na sini ni kwenda juu au chini. Nukta inaweza kuzunguka mara mia, kwa hiyo pembe inaweza kuwa 400, inaweza kuwa -50, haina tabu. Na kwa vile nukta inarudi pale pale kila baada ya nyuzi 360, grafu inajirudia, inakuwa mawimbi.

Mtu wa pwani hapa hahitaji mfano wa kitabuni. Maji yanajaa na kupwa, na kutoka kujaa mpaka kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25. Gawa 360 kwa muda huo unapata kama nyuzi 29 kwa saa. Tuseme leo maji yakijaa kipimo kinasoma mita 3.5 na yakipwa kinasoma 0.5, katikati ni 2, kupanda na kushuka kutoka hapo katikati ni 1.5, basi kina = 2 + 1.5 kosini(29t), t ni saa zilizopita tangu maji yalipojaa. Mashua imefungwa karibu na ufuko kule Deep Sea na inaelea tu kipimo kikiwa 2.75 kwenda juu. Maji yamejaa saa nne asubuhi, inakaa mchangani lini na inaelea tena lini? Kosini inatakiwa iwe 0.5, kalkuleta inakupa nyuzi 60, gawa kwa 29 unapata saa 2 na dakika 4, kwa hiyo saa sita na dakika nne mchana mashua inaanza kugusa chini. Kalkuleta imeishia hapo. Ila kwenye duara kuna pembe nyingine yenye kosini ile ile, 300, nayo inakupa saa 10 na dakika 21 tangu maji yalipojaa, yaani saa mbili na dakika 21 usiku ndo inaelea tena. Mwanafunzi aliyeamini kalkuleta peke yake amepata nusu ya jibu, na hii ndo sababu maswali ya mtihani yanasema "majibu yote kati ya 0 na 360".

Tamu zaidi ni zile fomula za kujumlisha ambazo wanafunzi wanazichukia, kama kosini A + kosini B = 2 kosini ya nusu ya jumla × kosini ya nusu ya tofauti. Za kazi gani? Bamvua. Mwezi unavuta maji kwa wimbi la nyuzi 28.98 kwa saa, jua nalo lina wimbi lake la nyuzi 30 kwa saa, tofauti ni 1.02 hivi, na 360 gawa kwa hiyo ni kama saa 354, siku 14 na robo tatu. Kila baada ya siku hizo mawimbi mawili yanakutana kileleni, maji yanajaa sana na kupwa sana, ndo bamvua ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na katikati yake yanapingana, yanakuwa maji mafu. Fomula inataka mawimbi yawe na kimo sawa, lakini la jua ni dogo kuliko la mwezi, ndo maana hata maji mafu bado yanapanda na kushuka kidogo.

Kuhusu anachotegemewa mwanafunzi awe nacho anapoingia, mimi naona ni vitu viwili tu, hesabu za sehemu na kufakta, yaani kuvunja x² - x - 6 iwe (x - 3)(x + 2). Asiyejua kujumlisha 1/3 na 2/5 bila kuhangaika atazama, na sio kwenye trigonometria, atazama wiki za mwanzo. Halafu kuna kosa moja linalovaa nguo tofauti kila mada: (a + b)² anaandika a² + b², logi ya (a + b) anaandika logi a + logi b, sini ya (A + B) anaandika sini A + sini B. Ni kosa lile lile. Jaribu sini 30 + sini 60, ni 1.37, wakati sini 90 ni 1 na hakuna sini ya pembe unayoijua inayopita 1.

Utaratibu wa kule nao ni mwingine. Sisi tumezoea mtihani wa taifa wa NECTA mwisho wa safari, kule alama zinaokotwa mwaka mzima, homuwoki karibu kila siku, vijaribio, mitihani ya mada, kwa hiyo anayesubiri kukesha wiki ya mwisho anakuta nusu ya alama zishapotea. Kalkuleta pia, wao wanatumia zile za kuchora grafu, mtoto aliyefanya hesabu za fomu foo kwa kile kitabu cha majedwali ya tarakimu nne atachukua muda kuizoea, hasa kwa sababu wanapima pembe kwa radiani, ambapo mzunguko mzima ni 2π badala ya 360. Ukiandika sini ya 30 ukaona -0.988 badala ya 0.5, kalkuleta haijafa, iko kwenye radiani, ingia kwenye mipangilio uirudishe kwenye nyuzi.