Sarafu za Kumbukumbu: Pima Madini Kabla ya Kulipia Sanduku

Swali hili tunaulizwa sana: nina sarafu ya Kenya ya shilingi 40, ile ya mwaka 2003 yenye sura ya Rais Mwai Kibaki, ya miaka 40 ya uhuru. Nikiuza leo nitapata nini? Jibu huwavunja moyo wengi. Sarafu hiyo ilitolewa itumike madukani, watu wakaifungia kabatini wakingoja iadimike. Kitu kilichofichwa na kila mtu hakiadimiki.

Waingereza wanalo somo kubwa zaidi. Baada ya Winston Churchill, waziri mkuu wao wa zamani, kufariki mwaka 1965, ilitolewa sarafu yenye sura yake, na zikatengenezwa zaidi ya milioni 19. Familia ziliwatunzia wajukuu. Wajukuu nao sasa ni wazee, na sarafu yenyewe mara nyingi haifikishi hata pauni tano. Ilhali pensi 50 (nusu pauni) ya mwaka 2009 ya bustani ya mimea ya Kew, London, iliyotoka 210,000 tu, huuzwa zaidi ya pauni 100. Wengi walirudishiwa kama chenji, wakanunulia mkate bila kuitazama.

Za dhahabu na fedha zina hesabu yake. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye picha ya duma, gramu 33.4, dhahabu asilimia 90. Leo shilingi 1,500 hainunui hata kilo ya sukari, lakini gramu 30 za dhahabu zilizomo ndani yake ni mali ya kueleweka. Aliyeitunza ameokolewa na madini. Duma ni nyongeza.

Kwa hiyo ukitangaziwa sarafu mpya, uliza uzito na usafi wa madini, kisha piga hesabu kwa bei ya siku hiyo. Kinachobaki juu yake unalipia sanduku, cheti na matangazo. Zilizopakwa dhahabu tu, sonara hatakupa chochote cha maana. Kama unaipenda kwa historia yake, nunua kwa raha zako. Hayo si makosa. (Na usiisugue kwa ndimu wala majivu! Wakusanyaji hushusha bei wakiona mikwaruzo.)

Kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji: nikikurudishia kesho, utainunua kwa shilingi ngapi?