Wawili watatu, na bibi yangu kwenye stoo

Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, mama mmoja alinisubiri mlangoni mpaka watu wakaisha kusalimiana. Anauza maandazi, mumewe yuko safari za malori, na kijana wake mkubwa ameacha kurudi nyumbani usiku. "Mchungaji, naomba unitafutie watu wawili waniombee." Nikamuuliza kama yeye mwenyewe ameshaliombea jambo hilo. Akanitazama kama niliyemwuliza kama ameshaenda mwezini. "Peke yangu? Si imeandikwa walipo wawili watatu?"

Nina miaka 19 katika uchungaji wa Kilutheri. Sentensi hiyo nimeisikia wodini, misibani, kwenye mikesha, na mara moja kutoka kwa mzee wa kanisa ambaye ni yeye aliyepaswa kuwafundisha wengine. Leo naijibu kwa maandishi, maana nikiijibu tena pale mlangoni nitajibu kwa ukali na watu watasema mchungaji alikuwa na njaa.

Fungua Mathayo 18, lakini usirukie mstari wa 20. Anza wa 15. Ndugu yako amekukosa. Nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili, ili kila neno lithibitike kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu. Asiposikia hao, liambie kanisa. Hao "wawili au watatu" ni mashahidi, wametoka moja kwa moja Kumbukumbu la Torati 19:15, sheria ya kutomhukumu mtu kwa kinywa cha shahidi mmoja. Kwa hiyo Bwana anaposema "walipo wawili watatu wamekusanyika kwa jina langu, nami nipo papo hapo katikati yao," anazungumza na kikao kidogo kinachotetemeka kwa sababu kina kesi ya ndugu mkononi. Anawaambia hamko wachache mno kwa kazi hii, nipo. Petro aliyekuwa anasikiliza alielewa vizuri, ndiyo maana swali lake linalofuata ni nimsamehe ndugu yangu mara ngapi. Hakuuliza tukiwa wangapi ndipo maombi yafike.

Sikatai, mstari wa 19 unataja kuomba, na kupatana katika kuomba ni jambo zuri. Jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba zinaishi kwa hilo. Lakini ahadi kwa wawili haijawahi kuwa faini kwa mmoja. Kama Mungu anahitaji akidi, basi Yesu alikosea alfajiri ile ya Marko 1:35, alipotoka kwenda mahali pasipokuwa na watu, Simoni na wenzake wakamtafuta kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Alikosea na Gethsemane, ambako alikuwa na watatu kamili, wakalala.

Sasa chumba cha ndani, kile ambacho Yesu anasema ukisali uingie humo na ufunge mlango. Neno la Kiyunani katika Mathayo 6:6 ni tameion, na Luka 12:24 neno hilohilo limetafsiriwa ghala: kunguru "hawana ghala wala uchaga". Kwa wakulima wale wa Galilaya, mahali pa kujifungia palikuwa pale pa kuwekea chakula. Nasisitiza kwa sababu kuna mtindo wa siku hizi wa kuchapisha picha za "chumba cha maombi", zulia jipya, mshumaa, Biblia imefunguliwa kwa pembe nzuri. Kikishapigwa picha, ndugu, si cha ndani tena.

Bibi yangu kule Machame alisali stoo. Nilijua hilo kwa wizi. Nilikuwa na miaka minane hivi, nimejibanza nyuma ya magunia ya mahindi nikila karanga za mbegu, nikasikia komeo. Akapiga magoti juu ya kiroba kitupu, akajifunika kanga kichwani. Bibi huyu ndiye aliyekuwa anaongoza sala za kina mama kanisani, na sala zake zilikuwa na majina ya Mungu yanayochukua dakika mbili kabla ya ombi la kwanza. Kule stoo hakutaja hata moja. Alisema, kwa Kimachame, kitu kama: "Baba, dukani hawanikopeshi tena." Akamsema babu. Akasema ana hasira na mama yangu na hataki kuiacha. Kisha akanyamaza muda mrefu sana, mpaka karanga zikawa tope mdomoni mwangu kwa kuogopa kutafuna.

Sikumwambia kamwe kwamba nilikuwepo. Ila kila ninayoisema kuhusu sala ya faragha imetoka kwenye stoo ile kuliko chuoni. Mbele ya watu tunaomba tukijua kuna masikio. Si unafiki wote. Mengine ni adabu tu. Mimi ninapoongoza sala ya kanisa ninachagua maneno ambayo mjane na mwalimu mkuu wote wataweza kusemea amina. Lakini hasira yako kwa binti-mkwe huwezi kuisemea amina na watu 400. Inahitaji mahali isikike bila kurekebishwa.

Kiswahili hapa kinatusaidia kuliko Kiingereza, na sijui kwa nini wahubiri wetu hawakitumii. Soma Mathayo 6 polepole, kuanzia mstari wa 5: "msalipo, msiwe kama wanafiki", ni wengi. Halafu ghafla: "Bali wewe usalipo", mmoja. Halafu mstari wa 9 unarudi kwa wengi: "Basi ninyi salini hivi." Yesu anamchomoa mtu mmoja kwenye kundi kwa mstari mmoja tu, anamfungia stoo, kisha anamrudisha. Na akiwa mle ndani peke yake bado anasema Baba *yetu*, riziki *yetu*. Kwa hiyo yule kijana aliyeacha ibada akaniambia "mimi na Mungu wangu inatosha" naye hajaisoma sura hiyo mpaka mwisho. Sitamjadili zaidi leo, zamu yake itafika.

Kinachonikera kuliko vyote ni mwisho wa mstari wa 6. Biblia yetu ya Union, tafsiri ya Kiswahili tunayoisoma kanisani, inasema Baba aonaye sirini "atakujazi". Kujazi ni kulipa, kutoa jaza, kama tunavyosema jazaa. Nimesikia ikihubiriwa "atakujaza!", na watu wakafungua mikoba kuonyesha mahali pa kujazwa. Nimesikia pia "omba sirini, Mungu atakujibu hadharani!" Hilo "hadharani" lipo katika nakala za Kiyunani za baadaye na katika Biblia ya Kiingereza ya King James, lakini halipo katika nakala za kale zaidi, wala halipo katika Union. Mtu mmoja zamani aliona malipo ya siri hayatoshi, akaongeza jukwaa. Ukiliweka neno hilo umeharibu sura nzima, kwa sababu wale wanafiki wa mstari wa 5, waliosali katika pembe za njia, walishapata thawabu yao: kuonwa. Hadharani ndiyo ilikuwa ugonjwa wenyewe, sasa umeifanya dawa.

Malipo ni nini basi? Hapa nitasema nisichokisema mimbarani. Sina jibu zuri. Nimeomba peke yangu kwa ajili ya mgonjwa mmoja kwa miezi minane, kila siku, na nilimzika. Sikusikia neno. Watu wakiniuliza watajuaje kwamba ni sauti ya Mungu na si mawazo yao, nawapa vipimo vya kawaida vya Maandiko na ushauri wa ndugu, na vipimo hivyo mimi mwenyewe vimeshanipotosha mara mbili. Na ninasinzia. Mtakatifu Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania ambaye Wakatoliki walimtangaza mwalimu wa Kanisa mwaka 1970, anakiri kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa akisikilizia saa igonge ili muda wa sala uishe. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu ofisini.

Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, namna ya kuomba. Ushauri wake ni wa kazini kabisa: chukua amri moja, isokote kamba nne, yaani fundisho, shukrani, toba na ombi; na akili yako iwe kwenye sala kama inavyokuwa kwenye wembe, maana kinyozi anayepiga soga atamkata mtu pua. Wachungaji wenzangu hupenda kunukuu hapo na kufunga kitabu. Hawaendelei kusema kwamba mwaka huohuo Peter alimchoma kisu mkwe wake, akamuua, akafukuzwa mjini kwao Wittenberg. Mtu aliyefundishwa sala ya faragha na Luther mwenyewe! Sijui nifanye nini na habari hiyo, ila naona ni udanganyifu kuificha.

Jambo moja la haraka lakini zito: kama ukikaa peke yako usiku mawazo yanakuambia ujidhuru, usijifungie stoo. Nenda kwa watu, nenda hospitali. Sala yako itasubiri.

Yule mama alinipigia simu Alhamisi. Anaishi chumba kimoja na watoto watatu, kwa hiyo alijaribu kibandani kwake saa kumi na moja alfajiri kabla ya kubandika karai. Dakika ya pili maneno yakamwishia. Akabaki anautazama mkaa ukishika, na anamfikiria kijana wake, hana la kusema, mpaka mteja wa kwanza akaja kuulizia chai. Akataka kujua kama muda ule wote alikuwa bado anaomba au alikuwa amekaa tu.

Nilimwambia alikuwa anaomba. Nilisema kwa sauti ya uhakika kuliko niliokuwa nao.