Kwa nini plastiki ya waya hukauka na kupasuka juu ya dari?

Fundi yeyote wa umeme aliyepanda darini Nairobi, chini ya mabati yaliyochomwa na jua la Februari, anaijua hali hii: anaukunja waya wa zamani kidogo tu, ganda lake linavunjika vipande. Siku uliponunuliwa dukani Luthuli Avenue ulikuwa unajikunja bila shida. Kitu gani kimetoka?

Ganda hilo ni PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji. PVC tupu ni unga mweupe, tena haustahimili joto. Takriban asilimia 57 ya uzito wake ni klorini. Ikipita nyuzi 100 hivi za Selsiasi, klorini huanza kuchomoka pamoja na haidrojeni iliyo jirani, na viwili hivyo vikawa asidi. Asidi huchochea nyingine zichomoke, nao mnyororo wa molekuli hufumuka kama sweta lililokatika uzi. Plastiki hugeuka njano, kisha hudhurungi, mwishowe nyeusi.

Hapo ndipo penye mtihani, maana kiwandani PVC hubidi ipashwe nyuzi 160 hadi 200 ndipo ipite kwenye mashine. Kwa hiyo hutiwa vidhibiti vya kuimeza asidi ile mapema: zamani chumvi za madini ya risasi, ambayo ni sumu, na siku hizi zaidi za kalsiamu na zinki.

Ulaini wa waya una chanzo kingine. Mwaka 1926, Mmarekani Waldo Semon wa kampuni ya BFGoodrich aliipasha PVC ndani ya kimiminika kizito, akapata kitu kinachonepa kama mpira. Molekuli za kimiminika hicho, yaani kilainishi, hujipenyeza kati ya minyororo na kuiachanisha, ikateleza. Kiwandani hiyo ni faida, kwa kuwa mchanganyiko laini hupita mashineni kwa joto la chini na msuguano mdogo. Mafuta ya soya yaliyotengenezwa maalumu hulainisha na pia kunasa asidi. Kilainishi kingine, parafini yenye klorini, ni cha bei nafuu, lakini nacho hutoa asidi ikipata moto.

Ila kilainishi hakijafungwa kwenye PVC. Kimekaa tu katikati yake. Joto la miaka mingi hukifanya kiondoke polepole kama mvuke, na kinachobaki ni PVC ngumu. Mabati peke yake si ya kulaumiwa. Shawa ya umeme iliyofungwa kwa waya mwembamba huipasha shaba ya waya kutoka ndani, na ganda hupikwa pande zote mbili.

Ndiyo sababu waya wa kawaida wa nyumba hupewa kikomo cha nyuzi 70, joto la shaba yenyewe, si la hewa ya chumbani. Zipo nyaya za nyuzi 105, zenye vilainishi vya molekuli kubwa zisizotoroka upesi. Njia nyingine ni kuichanganya PVC na mpira wa nitraili, aina ya mpira wa kiwandani: huo nao ni mnyororo mrefu, hulainisha bila kuhama, na hutumika kwenye hosi za mafuta.

Ganda likishakauka, kilainishi hakirudishwi. Kuzungushia utepe palipopasuka huacha mita nyingine zote zikisubiri kuguswa. Waya huo ung'olewe wote, na mpya uwe wa unene unaolingana na mzigo wake.