Mifupa ya kale: hatari haiko pale unapoitafuta

"Mifupa ya kale bado ina magonjwa ya waliokufa." Dhana hii ndiyo inayotisha wengi, nayo ndiyo dhaifu zaidi. Vijidudu vingi vinavyoua watu huishi kwa kutegemea mwili ulio hai. Mwili ukifa, havidumu karne nzima. Mifupa mikavu kama ile aliyoifukua mwanaakiolojia Mary Leakey pale Hyrax Hill, Nakuru, mwaka 1937 na 1938, haimwambukizi mtu kifua kikuu. Wa kuchungwa ni udongo. Chembe sugu za kimeta hukaa ardhini miaka mingi: nyati waliokufa kwa kimeta katika mbuga ya Ziwa Nakuru mwaka 2015 hawakufukua kaburi la mtu. Pepopunda nayo ni ya udongoni, kwa hiyo mchimbaji anahitaji chanjo kabla ya kafara.

"Pangoni hakuna shida." Afadhali kaburi! Mwaka 1980 na tena 1987, watu waliozuru pango la Kitum, Mlima Elgon, waliugua Marburg, homa kali ya kirusi, wakafa. Kirusi hicho hukaa ndani ya popo walio hai. Kinyesi cha popo nacho huotesha kuvu aina ya histoplasma, na anayevuta vumbi lake huugua mapafu. Ukikuta mifupa pangoni, tazama dari kwanza.

"Glavu ni za kumkinga anayeshika." Nusu tu. Zinaukinga mfupa pia, usichafuliwe na DNA yako.

"Mwagia klorini, kisha funga kwenye mfuko wa plastiki." Hapa ndipo nia njema huzaa balaa. Klorini huula mfupa na kuharibu DNA iliyomo, na jua kali huupasua. Mfupa wenye unyevu ukifungwa kwenye plastiki huota kuvu, hasa mahali penye joto kama Kisumu. Kuvu hiyo, mara nyingi aspajilasi, ndiyo itakayomsumbua mhifadhi mwenye pumu au kinga dhaifu. Marehemu hana lawama. Mifupa ikaushwe kivulini, polepole, na stoo isizidi unyevu wa asilimia 65 hivi. Vumbi lisifagiwe. Liondolewe kwa brashi laini mbele ya mashine ya kuvuta vumbi yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa chembe ndogo mno, na anayefanya kazi avae barakoa ya N95. Ya kitambaa haitoshi.

Na ukichimba choo ukakuta mifupa, usiioshe wala usiihamishe. Simamisha kazi, mwite chifu au polisi, maana huenda si ya kale. Ikiwa ya kale, sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya 2006 inakupa siku 7 kuwaarifu Makumbusho ya Kitaifa.