Hali za maada ni nini, na mtoto mdogo azishike vipi kwa mikono yake

Neno hali tunalo mdomoni kila siku, hali yako, u hali gani, na mtu anajibu mzima au anaumwa lakini ni yule yule, hajageuka kuwa mtu mwingine. Hali za maada ndo hivyo hivyo. Maada ni chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi, jiwe, maziwa, hata hewa, na hali yake ni vile kilivyo kwa wakati huo: yabisi (wengine wanasema mango), kimiminika au gesi.

Sasa mtoto wa la kwanza au la pili ukimwandikia hayo ubaoni atakariri vizuri tu, ila muulize sukari iko hali gani, wengi watakwambia kimiminika kwa sababu wameiona inamiminika kwenye kikombe cha chai. Na si kwamba hawana akili, neno lenyewe ndo limewapeleka huko! Kwa hiyo mpe punje moja moja ya sukari juu ya karatasi nyeusi, kama kuna lenzi ni bora zaidi, aisukume kwa kidole aone ina pembe zake na haisambai, halafu pembeni mdondoshee tone la maji. Hapo anaona mwenyewe kwamba yabisi inabaki na umbo lake hata ikiwa ndogo kiasi gani, na kimiminika kinafuata umbo la pale kilipo.

Mi napenda sana mafuta ya nazi kwa somo hili. Yanaanza kuyeyuka kwenye nyuzi kama 24 hivi, ndo maana Dar mwezi wa pili yako maji kwenye chupa, na Njombe mwezi wa sita yamekuwa magumu mpaka uyachokonoe na kijiti. Chukua chupa ndogo, izamishe kwenye ndoo yenye barafu ile ya nailoni inayouzwa mtaani, yakiganda mpe kila mtoto kidonge kidogo kiganjani afumbe mkono. Joto la mkono wake linayeyusha, halihitajiki jiko, na anajua kabisa hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, ni mafuta yale yale.

Gesi ndo ngumu maana hawaioni. Kunja karatasi ibane kwenye kitako cha glasi ya plastiki, igeuze mdomo chini uizamishe wima kwenye ndoo ya maji, ukitoa karatasi ni kavu. Waache wabishane kwanza kabla hujasema kitu. Kisha izamishe tena, safari hii uiinamishe kidogo, mapovu yanatoka, ile ndo hewa iliyokuwa imezuia maji yasiingie.

Kingine ni glasi ya baridi kutoka jasho, watoto wengi wanadhani maji yamepenya kutoka ndani. Weka juisi ya rozela yenye barafu, subiri, ufute nje kwa tishu nyeupe, tishu inalowa lakini haina wekundu wowote. Yale maji yametoka kwenye hewa ya darasani, mvuke umegusa glasi ya baridi ukarudi kuwa maji. Na huu mvuke hauonekani kwa macho, lile wingu jeupe juu ya sufuria ni matone madogo ya maji tayari, hata sisi wakubwa tunakosea hapo (sufuria ya moto ashike mwalimu peke yake jamani).

Kama huna kitu kabisa, chaki si ipo? Mwaga maji kidogo sakafuni, zungushia mstari wa chaki, baada ya nusu saa zungushia tena, dimbwi limepungua. Watasema sakafu imeyanywa, na ni jibu zuri, usilikatae, mwaga mengine kidogo kwenye sinia la bati uliweke juani muone kama na lenyewe linakunywa maji.