Hakuna Anayekuuliza Umechora Nini

Kila Alhamisi saa tisa alasiri tunafungua ukumbi mdogo wa tiba kwa sanaa hapa Pasua, Moshi. Tunatandika mikeka, tunaweka mezani karatasi, kalamu za rangi, udongo wa kufinyangia, shanga, sindano na vipande vya vitenge wanavyotupa mafundi cherehani. Wanaokuja wamepitia makubwa: kipigo cha ndani ya nyumba, ajali, moto, kubakwa, kufiwa kwa ghafla. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kusomea ushauri nasaha, na huu ni mwaka wa sita nipo katika kazi hii. Maneno ninayoyasikia nje ya mlango ni yale yale tangu mwaka wa kwanza. Mengine hayana madhara. Mengine yanamgeuza mtu njiani kabla hajaingia, na hayo ndiyo yananiuma.

"Mimi sijui kuchora"

Hatufundishi kuchora, wala hakuna anayetoa maksi. Jina lenyewe la tiba kwa sanaa lilitolewa mwaka 1942 na msanii wa Uingereza, Adrian Hill, ambaye alikuwa amelazwa kwa kifua kikuu, akawa anachora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake ili siku zipite. Baadaye akawashirikisha wagonjwa wenzake, wakiwemo askari waliorudi vitani. Hawakuwa wasanii. Kwetu hapa aliyezoea kusuka anasuka, mwanakwaya anaimba, na asiyetaka lolote anakaa na kikombe chake cha chai akitazama wengine. Huyo naye yumo.

"Hayo mambo ya Wazungu"

Jina limetoka huko, sawa. Lakini nani asiyejua msiba wa Uchaggani unavyoendeshwa? Kwaya ya jumuiya inafika jioni, nyimbo zinapokezanwa hadi usiku mwingi, na mfiwa anabebwa na sauti za watu wakati yake imekauka. Pwani kuna ngoma za kupunga pepo. Na kanga je? Mwanamke asiyeweza kuwajibu mawifi kwa mdomo anavaa jibu kiunoni, na ujumbe unafika.

Hapo naongeza jambo moja, maana siwezi kuisifu mila nzima kwa mkupuo. Msiba huo huo unaombeba mjane kwa nyimbo humwambia mwanawe wa kiume ajikaze, mwanamume halii. Nyimbo tumezichukua. Hilo la kujikaza tumeliacha mlangoni.

"Mwacheni aseme yote, ndipo atapona"

Hii naipinga kwa nguvu zangu zote, ingawa wanaoisema wana nia njema. Mtu ameponea chupuchupu ajalini jana, leo amezungukwa: hebu tuambie ilikuwaje, toa yaliyo moyoni, lia. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kumkalisha mtu siku za mwanzo na kumtaka asimulie tukio zima hatua kwa hatua, kwa kuwa tafiti zimeonyesha kikao cha namna hiyo hakizuii kiwewe, yaani jeraha la moyo linalobaki baada ya tukio baya. Mwongozo wake wa mwaka 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia unamtaka msaidizi aangalie kama mtu yuko salama, ana maji, ana ndugu wa kumpigia simu. Amsikilize akitaka kusema, asimlazimishe.

Tena kuna nyakati maneno hayapo kabisa. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichunguza ubongo wa watu wachache wenye kiwewe huku wakiwasikilizisha simulizi ya yaliyowapata. Eneo la Broca, linalohusika na kutamka, lilipunguza kazi, na maeneo ya hisia na ya kuona yakapamba moto. Utafiti ulikuwa mdogo, tusiufanye msahafu. Lakini aliyewahi kukaa na watu hawa ameliona hilo kwa macho: mdomo unafunguka, sauti haitoki, mikono inashika pindo la nguo na kulikunja.

Hapo Arusha, mwendo wa saa mbili hivi kwa basi, ilikaa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda mpaka ilipofungwa Desemba 31, 2015. Hukumu yake ya Septemba 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya huko Rwanda, ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari baada ya kesi kusikilizwa, na ya kwanza kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Hayo yalipatikana kwa sababu wanawake walisafiri kutoka Rwanda, wakaketi mbele ya majaji wakiitwa kwa herufi badala ya majina yao, wakasimulia. Nikipita karibu na AICC, jengo la mikutano ilimokaa mahakama ile, huwa nawakumbuka. Ujasiri wao uliibadili sheria ya dunia. Hata hivyo, mahakamani shahidi hujibu alichoulizwa, kwa mpangilio wa wakili, na wakili wa upande wa pili yupo kwa kazi ya kumtilia shaka. Hiyo ni njia ya haki na inahitajika. Anayetaka kupona anahitaji na chumba kingine, ambako yeye ndiye anaamua aanzie wapi, aishie wapi, na kama leo hataki kuanza kabisa.

Nilimwona mama mmoja akilifanya hilo bila kufundishwa na mtu. Kwa miezi mitatu hakusema zaidi ya salamu. Alichagua udongo. Anaudondoshea maji kwa ncha za vidole, anaukandamiza kwa kiganja, anaukunja, anaukandamiza tena, na baada ya robo saa mabega yake yanashuka, pumzi inakuwa ndefu. Akimaliza ananawa kidole kimoja kimoja. Siku moja alifinyanga chungu cha ukubwa wa ngumi, mdomo umepinda upande. Alikigeuza geuza, akakitazama, kisha akakibonyeza katikati mpaka kikawa bonge, akaanza upya. Jirani yake akamwambia, "Dada, mbona kilikuwa kizuri?" Akajibu, akizungumza na jirani huyo, siyo mimi: "Nyumbani vyombo vilivunjwa na mtu mwingine. Hiki nimekivunja mwenyewe."

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kuyasikia kuhusu nyumbani kwake. Sikuongeza swali.

"Akitoka analia, basi mmemtonesha kidonda"

Inaweza kuwa kweli na inaweza isiwe. Mwaka 1986 watafiti James Pennebaker na Sandra Beall, huko Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo dakika 15 za kuandika, siku 4 mfululizo. Walioandika tukio lililowaumiza pamoja na walivyojisikia walitoka na huzuni zaidi siku zile zile za kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Kwa hiyo chozi peke yake halitupi jibu. Tunachokikataa ni mtu kurudi nyumbani akiwa bado yuko kwenye tukio. Dakika ishirini za mwisho vifaa vinakusanywa, tunakunywa chai, tunapiga makofi na wimbo ambao kila mtu anaujua, na ninamuuliza kila mmoja anarudi na nani.

"Picha inasema yote"

Hapa nimekosea mwenyewe, kwa hiyo naeleza kirefu.

Alikuja kijana aliyekuwa konda wa basi lililopinduka. Wiki nne mfululizo alichora kitu kimoja: mstatili mrefu, mistari imenyooshwa kwa rula, ndani hamna kitu. Wiki ya tano akaweka madirisha, matatu chini na moja dogo juu. Moyo ukanidunda. Nikajiambia basi hilo limejitokeza. Nikainama, nikamuuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Wewe ulikuwa umekaa wapi hapa?"

Akanitazama muda mrefu. "Mwalimu, hii ni nyumba ya bibi, Kibosho. Hapo juu ni dirisha la dari anakoivishia ndizi."

Alikuwa anakwenda kwa bibi yake. Wiki nne alikuwa anajenga nyumba ile ukuta kwa ukuta ili apate pa kukaa, na mimi nikamrudisha kwenye basi. Wiki mbili zilizofuata hakuonekana. Kuanzia hapo ukumbini kwetu hakuna anayekuuliza umechora nini. Ukitaka kusema, utasema. Mimi nitakuuliza tu kama karatasi inatosha.

Watu wengi wanaamini kuna kamusi ya siri: nyeusi ni huzuni, nyekundu ni hasira, mti usio na majani ni mtu aliyekata tamaa. Haipo. Mtoto amechora kwa nyeusi kwa sababu wenzake wamezimaliza nyingine, au anaipenda. Imani hiyo inapogusa tuhuma za ukatili kwa watoto inakuwa hatari kabisa, maana mchoro peke yake hauthibitishi kosa na hauthibitishi usalama pia. Mtoto akisema kwa mdomo wake kwamba ametendewa vibaya, yaandike maneno yake kama alivyoyatamka, usimhoji, usimwahidi siri usiyoweza kuitunza, nenda ofisi ya ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Namba 116 ya huduma kwa mtoto inapigwa bure.

"Watoto husahau haraka"

Hawasahau, wanacheza. Mtoto aliyeona ajali hupanga magari ya makopo na kuyagonganisha, siku baada ya siku, bila kucheka. Mzazi aione tofauti hiyo: mchezo wa kawaida hubadilika na una furaha, huu unarudia pale pale.

Moshi yetu imechangia elimu kubwa juu ya jambo hili na wengi hawajui. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya kazi iliyofanyika hapa kwa watoto yatima 64 waliokuwa na huzuni nzito na dalili za kiwewe. Walipewa tiba ya vikundi, vikao 12 vya kila wiki, na waliowahudumia walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa, wasio wanasaikolojia wa kusomea. Dalili zilipungua, na miezi kadhaa baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Utafiti mkubwa zaidi ukafuata kwa watoto 640 wa Tanzania na Kenya. Tiba ile msingi wake ni mazungumzo yenye mpangilio na mazoezi ya kutuliza mwili, lakini mtoto anapofika hatua ya kusimulia yaliyompata, simulizi yake inaweza kuwa maandishi, picha au wimbo. Sanaa imo ndani, inafanya kazi yake pamoja na mengine.

Wala mtoto halazimiki kuchora tukio lenyewe. Katika geto la Theresienstadt, mahali ambapo Wanazi wa Ujerumani waliwafungia Wayahudi wakati wa vita kuu ya pili, msanii Friedl Dicker-Brandeis aliwafundisha watoto wa Kiyahudi kuchora kwa karatasi za kuokoteza. Alipopelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz mwaka 1944, alikouawa, michoro kama 4,500 ilibaki imefichwa ndani ya masanduku mawili. Ipo inayoonyesha maisha ya geto, na ipo mingi ya maua, vipepeo, nyumba na meza za chakula. Mwanafunzi wake mmoja wa kabla ya geto, Edith Kramer, alikuwa amekimbilia Marekani mwaka 1938, na ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa waasisi wa tiba ya sanaa kwa watoto. Nikimsoma Friedl namfikiria konda wangu na nyumba yake ya Kibosho.

"Sanaa inatosha, hospitali ya nini?"

Haitoshi kwa kila mtu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na mchango wa sanaa ni wa kweli. Kwa kiwewe hasa, ushahidi wa tiba za mazungumzo zenye mpangilio bado ni mzito kuliko wa sanaa peke yake. Mtu ambaye mwezi umepita na bado halali, anaota majinamizi, anakwepa barabara au mtaa mzima, ameongeza pombe, huyo namsindikiza hospitali, na akitaka kuendelea kuja Alhamisi anakuja. Anayesema afadhali afe hasubiri Alhamisi: anapelekwa siku hiyo hiyo, na haachwi peke yake. Wachungaji na masheikh wanaotuletea watu nawashukuru sana. Sala na kliniki hazijawahi kugombana ukumbini kwetu.

"Michoro ionyeshwe ili wengine wajifunze"

Hili huletwa na wageni. Mmoja alitaka kupiga picha ukuta mzima, akashangaa kukuta ukuta mtupu. Kazi zinakaa kabatini, kila mtu na bahasha yake, na ufunguo ninao mimi. Aliyekupiga, aliyekubaka, hakukuomba ruhusa. Sisi hatutaichukua karatasi yako kwa njia hiyo hiyo, hata kama mfadhili amepanda ndege kuja kuiona. Anayetaka kuonyesha, aonyeshe, na akibadili mawazo kesho itashushwa.

Yule konda alirudi wiki ya tatu. Nilimwomba msamaha, akasema, "Hamna shida, mwalimu." Nyumba ilipata mlango, kisha mgomba pembeni, kisha kuku. Mwezi uliopita aliomba bahasha yake. Akaitoa ile karatasi yenye madirisha manne, akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa shati. Alikuwa na safari ya Kibosho, na kufika huko ni lazima upande gari.

"Nitakaa siti ya dirishani," akaniambia.